Risala ya Kamati ya Kuzuia Maambukizi Hospitalini kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Usafi wa Mikono, 5 Mei

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mfawidhi, viongozi wa dini, watumishi wenzetu na ndugu wananchi,

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kuacha majukumu yako mazito ukaja kwetu. Karibu sana.

Kamati hii ilizaliwa baada ya nchi kupata Mpango Kazi wa Kitaifa wa 2017–2022 wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Tulianza wanne, leo tuko kumi na mmoja. Mafanikio yetu ni makubwa na ya kupigiwa mfano: kila wodi ina ndoo ya kunawia yenye koki, kitakasa mikono tunachanganya wenyewe, na mabango ya hatua za kunawa yamefika hadi jikoni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa ruhusa yako hayo tuyaache hapo, tuje kwenye lililo moyoni.

Katika wodi ya watoto wachanga tunapambana na mdudu (bakteria) aitwaye Klebsiela. Hujivika koti la ute linalomkinga na chembe nyeupe za damu. Akipata kanula, yaani kimrija cha kuingizia dawa kwenye mshipa, au mpira wa mkojo hujenga utando ambao dawa haziupenyi vizuri. Wapo wenye vimeng'enya vya kuvunja dawa ya seftriaksoni kabla haijafanya kazi, na vinasaba vya uwezo huo hupeana wao kwa wao, hata na wadudu wa aina nyingine. Anayewahamisha kitanda hadi kitanda, mara nyingi, ni sisi wenyewe kwa mikono yetu.

Mtoto njiti akichemka tunaanza dawa za ampisilini na jentamisini. Asipopata nafuu tunabadili, na tunabadili kwa kukisia. Damu yake tunaitia kwenye chupa, chupa kwenye boksi, boksi linapanda basi la alfajiri kwenda hospitali ya rufaa. Mwezi Machi lilirudi jibu moja: mdudu ni sugu kwa dawa zote tulizompa mtoto, dawa ambayo ingemuua mdudu huyo ni meropenemu. Jibu lilipofika, kitanda kilishatandikiwa mtoto mwingine. Mama wa yule wa kwanza alikuwa amerudi kijijini na khanga ya kumbebea mwanawe ikiwa imekunjwa kwapani.

Mheshimiwa, kuotesha vimelea na kupima dawa ipi inawaua ni kazi ya siku mbili tatu maabara ikiwa jirani. Chumba tunacho. Mgeni rasmi wa mwaka juzi alikikagua, akaahidi vifaa kabla ya mwaka wa fedha kwisha. Wa mwaka jana naye aliahidi, tukapiga makofi, tukapiga picha ya pamoja. Tunawashukuru wote wawili. Vigae vipo, masinki mawili yapo, mlangoni pameandikwa MAIKROBAIOLOJIA. Ndani yamo magodoro mabovu. Mteknolojia wetu aliyesomea kazi hiyo mwaka wa pili huu anapima malaria na mkojo.

Ombi letu ni moja: inkubeta ya kuoteshea vimelea, kabati salama la kushughulikia vimelea, chupa za damu, visahani vya kuoteshea na diski za kupimia dawa. Tena vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, viwe na fungu lake katika bajeti ya kila mwaka, maana inkubeta isiyo na vitendanishi itafunikwa shuka ndani ya miezi mitatu.

Kabla ya chakula, tunakuomba kwa unyenyekevu utembee nasi hadi kwenye chumba hicho. Ufunguo anao Katibu. Na lolote utakaloona linawezekana, tunaomba uliandike kwa mkono wako kwenye kitabu cha wageni, pamoja na tarehe ya kutekelezwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.