Risala ya Klabu ya Usafiri wa Anga kwa Mgeni wa Heshima: Kustaafu kwa Ndege ya Buffalo

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, Kanali mstaafu na rubani wa zamani wa Jeshi la Wanahewa la Kenya, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi wetu na wanafunzi wenzetu,

Kwa niaba ya wanachama wa klabu yetu, tunakushukuru kwa kuuitikia mwaliko huu. Ulipotuuliza kwa simu tumejiandaa kwa mada gani, tulikutajia neno moja tu, Buffalo, nawe ukacheka kwa muda kabla ya kusema kwamba utakuja. Shule yetu haiko mbali na kambi ya wanahewa ya Moi Air Base, Eastleigh, Nairobi, na wazazi waliosoma katika madarasa haya hutusimulia jinsi mwalimu alivyolazimika kunyamaza, chaki mkononi, mpaka ndege hiyo imalize kupita juu ya paa.

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, Jeshi la Wanahewa lilianzishwa tarehe 1 Juni 1964, na katika miaka yake ya mwanzo lilitegemea ndege za kampuni ya de Havilland Canada, yaani Beaver na Caribou, na hatimaye, mwishoni mwa miaka ya 1970, likapokea Buffalo. Caribou ni mnyama wa nchi za baridi ambaye wengi wetu tumemwona kwenye picha tu, lakini nyati, ndiyo maana ya jina Buffalo, hakuhitaji kuelezwa kwa Mkenya yeyote. Jirani zetu wa Tanzania nao waliirusha ndege hiyo hiyo. Sifa yake kubwa ilikuwa kupaa na kutua katika kiwanja kifupi cha udongo, huku ikiwa imebeba askari au magunia, mahali ambapo ndege nyingine ya ukubwa wake isingethubutu kushusha magurudumu. Kwa nchi ambayo sehemu kubwa ya kaskazini yake ilikaa miongo mingi bila barabara ya lami, sifa hiyo ilikuwa na thamani kuliko mwendo wa kasi.

Hata hivyo, Buffalo ya mwisho ilitoka kiwandani mwaka 1986, na hapo ndipo penye kiini cha risala yetu. Tulipoanza utafiti huu tulidhani ndege huzeeka angani. Fundi mmoja mstaafu, babu wa mwanachama mwenzetu, alitusahihisha: ndege huanza kuzeeka ghalani, siku kisanduku cha vipuri kinapofunguliwa kikakutwa kitupu. Gari likiharibika, fundi hukimbilia Grogan, soko la vipuri la Nairobi, akapata kipuri kilichotumika, lakini nyati hapatikani Grogan. Kinachofuata ni kung'oa kifaa kwenye ndege moja ili nyingine iruke, na kila ukifanya hivyo, kundi linapungua bila ajali yoyote kutokea.

Babu huyo pia alituonyesha jinsi ufa unavyotafutwa kwenye chuma. Alichukua kipande chakavu cha aluminiamu, akakisafisha, akakipaka rangi nyekundu ya majimaji, akatupa muda wa kunywa chai, kisha akaipangusa rangi yote na kupuliza unga mweupe juu yake. Sisi tulikuwa tumekikagua kipande hicho kwa macho na kukubaliana kwamba ni kizima. Baada ya dakika chache, mstari mwekundu mwembamba kama uzi ulijitokeza kwenye unga, ukianzia kwenye tundu la ribiti, ule msumari unaounganisha mabati ya ndege. Ufa ulikuwa umeinywa ile rangi na sasa unairudisha. Kipande hicho kiko mezani mbele yako, Afande, na tungefurahi ukikishika.

Hatuwezi kuizungumzia Buffalo bila kukumbuka Aprili 1992, ndege moja ya aina hii ilipoanguka katika mtaa wa Kaloleni, Nairobi, na waliokuwa ndani pamoja na wakazi wa mtaa wakapoteza maisha. Hatusemi kwamba uzee ndio uliosababisha msiba ule. Tunautaja kwa sababu baadhi ya familia zetu zinaishi upande huo wa jiji.

Ili kuchukua nafasi ya Buffalo, Kenya ilinunua ndege tatu za C-27J Spartan, zinazoundwa na kampuni ya Leonardo ya Italia. Injini zake ni za Rolls-Royce, za ukoo mmoja na zile za Hercules mpya, ndege kubwa ya mizigo ya kijeshi, kila moja ikiwa na rafadha (propela) yenye mapanga sita, na mzigo wake unafika tani 11 hivi. Tofauti iliyotugusa zaidi ni hewa. Ndani ya Buffalo hewa haikushindiliwa, kwa hiyo rubani hakuweza kupanda juu sana bila abiria kuanza kutafuta pumzi, na mawingu yaliyouzunguka Mlima Kenya ilibidi ayakwepe kwa pembeni. Spartan hupita juu yake, na majeruhi aliyelazwa ndani anapumua kama aliye chini.

Pamoja na hayo, tuna wasiwasi wetu, nao ni wa hesabu tu. Katika kundi la ndege tatu, moja ikiwa kwenye ukaguzi mkubwa na nyingine ikipasuka kioo au kupungukiwa kipuri, taifa linabaki na ndege moja. Nchi tajiri zaidi yetu zimewahi kujikwaa hapa. Australia ilizistaafisha Caribou zake mwaka 2009, na Spartan yake ya kwanza haikufika nyumbani mpaka mwaka 2015. Canada, iliyoiunda Buffalo, ilimpumzisha nyati wake wa mwisho huko Comox mnamo Januari 2022 kabla ndege mpya, iliyopewa jina la ndege mdiria, haijawa tayari kwa kazi ya uokoaji, ikalazimu Hercules kuziba pengo hilo.

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, tuna maombi mawili. La kwanza, utufikishie kwa wahusika ombi letu la kupatiwa injini moja ya Buffalo isiyotumika tena, au hata rafadha yake tu, ili wanafunzi wa fizikia waache kuchora mapanga ubaoni. La pili, mafundi waliozihudumia ndege hizo waalikwe mashuleni wakati wangali na nguvu, kwa kuwa mengi waliyotufundisha hatukuyakuta katika kitabu chochote cha maktaba yetu.

Na kama muda utaruhusu, Afande, tungependa kusikia ulikuwa unacheka nini siku ile kwenye simu.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanachama wa Klabu ya Usafiri wa Anga