Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri: kabla ya umeme safi wa makaa, tupimeni vifua

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima zote. Huu ni mwaka wangu wa tisa kwenye kresha, mashine ya kuvunja makaa, ya mgodi wa makaa ya mawe huku kusini. Jumanne usiku mwenzangu wa zamu alianguka kando ya mkanda unaobeba makaa, kifua kinakoroma, na gari la kumpeleka zahanati lilifika baada ya saa mbili. Mwaka jana alimaliza dozi ya TB ya miezi sita, kikohozi kikabaki palepale. Sisi tunaamini ni vumbi. Hakuna aliyetupima tukajua.

Ulipotutembelea ulisema umeme wa makaa wa siku hizi ni safi. Tulipiga makofi, nami nilipiga, maana tunautaka. Tangu mkataba wa 2011 wa mgodi na mtambo wa umeme wa makaa wa Mchuchuma tunasikia megawati 600, na vijana wetu bado wanazisubiri ajira zake.

Nimeuliza huo usafi unafanyikaje. Nimeambiwa vichujio hunasa majivu kabla hayajatoka dohani, na chokaa hunasa salfa. Ni jambo jema kwa watakaoishi jirani na mtambo. Na sisi tunaoyavunja makaa? Makaa hayajafika tanurini, yameshapita kifuani mwangu. Barakoa ni moja kwa wiki. Siku ya pili imeshakuwa nyeusi, tunaigeuza ndani nje. Mke wangu hufua ovaroli yangu peke yake, uani, maji matatu, na ya mwisho bado ni kama wino. Mwanetu wa miaka minne ameanza kukohoa alfajiri. Silali, Mheshimiwa, namsikiliza.

Uliahidi gari la kupiga picha za kifua ndani ya miezi mitatu. Huu ni wa kumi na nne, nimehesabu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inataka tupimwe. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 inayatambua magonjwa yatokanayo na kazi. Bila picha, mgonjwa atadai fidia kwa karatasi gani?

Mtambo siupingi, na mshahara leo siutaji. Naomba gari lile lije. Tupigeni picha wote, na wa kresha watangulie, kisha majibu tukabidhiwe sisi wenyewe mkononi, yasiishie ofisini. Jana nilikwenda kumtazama mwenzangu wodini. Aliuliza neno moja tu: gari limefika?

Naomba gari, Mheshimiwa.

Wako mtiifu,
Mfanyakazi wa kresha, zamu ya usiku