Nauli Nayo ni Dawa: Risala ya Akina Mama wa Newala kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mgeni Rasmi wa shughuli yetu, Mheshimiwa Diwani, Mganga Mkuu wa Wilaya, Mtendaji wa Kata, masheikh na wachungaji, walimu, mama zetu makungwi, wanachama wenzangu, mabibi na mabwana:

Asalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kufika. Sisi ni kikundi cha kuweka na kukopa, wanachama 30, wote wanawake, wote tunategemea mkorosho. Siku ya kugawana hisa kwa kawaida huwa ni siku ya ngoma na pilau. Safari hii tumeisogeza mpaka leo, tarehe 4 Februari, ambayo ni Siku ya Saratani Duniani. Tumefanya hivyo kwa ajili ya mwenzetu mmoja. Pilau ipo, lakini kwanza tunaomba utusikilize.

Mwenzetu huyo alikuwa mweka hazina wetu. Jina lake hatulitaji, maana watoto wake wamo humu. Alianza kuona damu katika siku zisizo zake, wakati wa palizi. Akanyamaza. Sisi wanawake wa huku tumefundwa kustiri mambo ya ndani, na mafunzo hayo yana heshima yake, ila hapa yalimponza. Baadaye yakaja majimaji yenye harufu, mume akahamia chumba kingine. Ndipo alipokwenda kutafuta matibabu, akapewa dawa za fangasi. Akarudi, akapewa nyingine. Mara ya nne akatokea muuguzi aliyemwambia apande kitandani amtazame, na siku hiyohiyo akaandikiwa rufaa: saratani ya mlango wa kizazi.

Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, walimpokea vizuri, na hilo tunalisema kwa sauti. Alipangiwa mionzi siku tano kila wiki, kwa wiki tano, kisha mionzi ya ndani. Sasa tazama, Mheshimiwa. Kutoka Newala hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 600. Alifikia kwa binamu yake Mbagala, chumba kimoja, watu sita. Alfajiri daladala ya kwenda, jioni daladala ya kurudi, na mionzi imemmaliza nguvu hata kusimama hawezi. Wifi yake aliyemsindikiza naye lazima ale. Tulichanga shilingi 412,000 tukazituma kwa simu. Wiki ya tatu zikaisha. Mikorosho ilikuwa bado iko kwenye maua, hakuna wa kumkopa. Akarudi nyumbani akisema atakwenda kumalizia tukishauza. Mnada ukafanyika, malipo yakaingia kwenye akaunti, sisi tukiwa tumeshamzika. Hiyo ilikuwa mwaka juzi.

Mashine ilikuwa inafanya kazi. Daktari alikuwepo. Faili lake lilikuwa mezani. Kilichokosekana ni nauli na chakula cha wiki mbili na siku chache.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya msiba tulimwomba binti wa mwanachama wetu, anayesomea uuguzi, atutafutie maelezo, tujue kama jambo hili ni la kwetu tu au la dunia nzima. Aliyotusomea yalitunyamazisha. Katika nchi zenye maendeleo makubwa kabisa, mwanamke 1 kati ya 12 huambiwa katika maisha yake kwamba ana saratani ya matiti, na 1 kati ya 71 hufa nayo. Katika nchi zenye maendeleo ya chini ni 1 kati ya 27 tu anayeambiwa hivyo, lakini anayekufa ni 1 kati ya 48. Tulikaa chini tukazipiga hesabu hizo kwa punje za korosho. Huko, katika kila wagonjwa sita hufa kama mmoja. Huku, zaidi ya nusu. Wao wanaugua zaidi, sisi tunazika zaidi.

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo imetuelemea kabisa. Mwaka 2022 iliwapata wanawake wapatao 660,000 duniani na kuua kama 350,000. Kati ya waliokufa, 94 katika kila 100 walikuwa wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Hapa Tanzania inawapata zaidi ya 10,000 kila mwaka, na zaidi ya 6,000 hawavuki. Mama zetu walituambia ni mkono wa mtu, wengine wakasema ni laana ya kukiuka mwiko. Chanzo chake kinajulikana. Ni kirusi kiitwacho HPV, kinachoambukizwa kwa kujamiiana, ambacho karibu kila mtu hukutana nacho, na wengi mwili hukiondoa wenyewe. Kwa wachache hubaki, kikakaa miaka kumi, hata ishirini, kikiharibu polepole. Kwa mwanamke anayeishi na VVU hatari ni mara 6. Profesa Harald zur Hausen wa Ujerumani, aliyegundua kwamba kirusi hicho ndicho kinacholeta saratani hii, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Kwa hiyo mwenzetu hakulogwa, na wala hakuwa malaya kama wengine walivyonong'ona msibani. Tunaomba hilo lisikike leo mbele ya watoto wake.

Na kwa kuwa chanzo kinajulikana, zipo nchi zilizokwisha kukikata. Australia ilianza kuwachanja wasichana wake mwaka 2007, na sasa imejiwekea lengo la kuitokomeza saratani hii ifikapo 2035. Scotland walianza 2008. Mwaka 2024 walipopekua kumbukumbu zao, kwa wasichana waliokamilisha chanjo wakiwa na miaka 12 au 13 hawakukuta hata mgonjwa mmoja. Hata mmoja, Mheshimiwa. Mtu anaweza kusema hao ni matajiri. Basi tuitazame Rwanda, jirani yetu tunayepakana naye, isiyo na bahari kama ya kwetu Mtwara. Ilianza mwaka 2011, ikapitia shuleni, na ikawafikia zaidi ya wasichana 90 katika kila 100. Sisi tulianza nchi nzima mwaka 2018 kwa wenye miaka 14, na tangu Aprili 2024 ni dozi moja tu kwa msichana wa miaka 9 hadi 14, bila malipo.

Bei nayo ni habari ya kufikirisha. Mwaka 2013 Gavi, shirika la kimataifa la chanjo, lilipatana na watengenezaji, nchi maskini zikapata dozi kwa dola 4.50, wakati huohuo katika nchi tajiri dozi ileile ilizidi dola 100. Sisi tunaokaa kwenye foleni ya mnada tunaielewa vizuri nguvu ya kuuza na kununua kwa pamoja. Lakini ugonjwa ukishaingia, hakuna wa kukupatania bei. Katika nchi 8 za Asia ya Kusini-Mashariki walifuatiliwa wagonjwa wa saratani zaidi ya 9,000. Matokeo yalitolewa mwaka 2015: ndani ya mwaka mmoja karibu 3 katika kila 10 walikuwa wamefariki, na karibu nusu ya wote walikuwa hai lakini matibabu yamemeza sehemu kubwa ya kipato cha nyumba zao. Hata Marekani, inayotumia fedha za afya kuliko nchi yoyote, wapo wanaouza nyumba zao ili kulipa hospitali. Na jirani zetu Uganda, mwaka 2016 mashine yao pekee ya mionzi iliharibika. Nchi nzima, mashine moja. Wenye uwezo wakaenda Nairobi, wasio na uwezo wakarudi vijijini, na mashine mpya haikuzinduliwa rasmi mpaka Januari 2018.

Katika sera ya afya ya nchi yetu saratani imo kati ya magonjwa yenye msamaha wa malipo, na tunaishukuru Serikali kwa moyo huo. Ila msamaha huo unaishia kwenye lango la hospitali. Basi halina msamaha. Mama lishe hana msamaha. Mwenye chumba hana msamaha. Kwetu sisi tunaokaa mbali, nauli nayo ni dawa, na asiyeipata anakuwa ameandikiwa dawa nusu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatukukaa kulia tu. Tulipoulizana kikaoni, kati yetu 30 waliowahi kupimwa walikuwa 4. Leo ni 21. Kipimo chenyewe ni cha dakika chache: muuguzi anapaka siki kwenye mlango wa kizazi, anatazama kama pana weupe. Wawili wetu walikutwa na mabadiliko ya awali, wakatibiwa palepale kwa kifaa cha joto, wakarudi nyumbani kwa miguu yao. Wamo humu, wamevaa kanga kama sisi, huwezi kuwajua. Na tangu mwezi Mei mwaka jana kila mwanachama hutoa shilingi 500 kila kikao cha wiki kwa ajili ya mfuko wa safari. Mpaka Alhamisi iliyopita tumefikisha shilingi 585,000. Mfuko huu haukopeshwi wala haugawanywi.

Jambo jingine tumelifanya na mama zetu makungwi, na pengine hili ndilo lenye uzito kuliko yote. Mwaka 2024 timu ya chanjo ilipokuja shuleni, wapo wazazi waliowaficha mabinti mashambani kwa kuogopa kwamba ni dawa ya kufunga uzazi. Karatasi za wizara zilisomwa, hazikuaminiwa. Aliyeaminiwa ni kungwi. Makungwi watatu waliokaa mbele hapo walimsikiliza muuguzi siku nzima, wakamuuliza maswali ambayo sisi tungeona haya kuyauliza, kisha wakapita nyumba hadi nyumba. Sasa katika unyago, pale mwali anapofundwa usafi na hedhi, anafundwa pia kwamba damu isiyo ya wakati wake si siri ya kustiriwa. Tunaomba timu ijayo ianzie kwa makungwi kabla ya kufika kwa mwalimu mkuu.

Tunachokuomba wewe, Mheshimiwa, ni kidogo kuliko mnavyozoea kuombwa. Hatuombi mashine ya mionzi leo, ingawa siku Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mtwara itakapoweza kumaliza safari hizi za Dar es Salaam tutapiga vigelegele. Tunaomba zahanati yetu iwe na siku moja maalumu kila mwezi ya kupima na kutibu hapohapo, siku ileile mwaka mzima, ili mwanamke aijue kama anavyoijua siku ya gulio. Wanapokuja kwa gari la matangazo mwezi Oktoba, sisi tuko mashambani tunaokota korosho, wanaondoka wakiandika kwamba wanawake hawana mwitikio. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwamba ifikapo 2030 wanawake 70 katika kila 100 wawe wamepimwa kwa kipimo cha uhakika wakifika miaka 35, na tena wakifika 45. Kwa gari la Oktoba hatutafika huko.

La pili ni hilo la nauli. Halmashauri hutukopesha wanawake ile asilimia 4 ya mapato yake ya ndani, na sisi tumekopa na tumerejesha. Korosho yetu inalipa ushuru kila msimu. Tunaomba ushauri wako kwa Baraza la Madiwani, kwamba katika ushuru huohuo litengwe fungu la nauli na chakula kwa mgonjwa wa saratani mwenye rufaa na msindikizaji wake mmoja, mpaka amalize mionzi. Kikundi chetu kiko tayari kulianzisha kwa 585,000 zetu, na daftari letu liko wazi, Mtendaji wa Kata ameshalikagua.

Katika wale 21 waliopimwa, Mheshimiwa, yupo mmoja aliyepewa rufaa ya kwenda Dar es Salaam. Ameomba mwenyewe tumseme. Ana miaka 38, ana watoto wanne, na ugonjwa haujaenda mbali. Anaondoka Jumatatu kwa basi la alfajiri. Tumepiga hesabu, fedha zilizomo mfukoni zitamfikisha wiki ya nne.

Tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu wa kikundi, kwa niaba ya wanachama.