Barua kwa mwanangu: aliyetangulizwa mbele ya bunduki

Ujiji, Kigoma

Mwanangu Hamisi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi wazima. Mguu wa mama yako umepungua kuvimba, na jana alishuka mwenyewe mpaka mwaloni kununua dagaa. Nimetaka kukuandikia tangu siku ile uliyotupigia simu kusema jina lako limo kwenye orodha ya wanaokwenda Kongo kulinda amani. Kwenye simu nilikupongeza, nikakuombea dua, basi. Usiku sikulala. Kuna jambo lilinikaa kifuani, na mimi nimefundisha historia miaka 31, maneno yangu hukaa sawa yakiwa kwenye karatasi.

Jambo lenyewe ni hili, baba. Inaweza kutokea siku ukamlenga mtu anayekufyatulia risasi, na mbele yake akawepo mtu mwingine asiye na bunduki. Mama mwenye mtoto mgongoni, au mzee, au mwanafunzi aliyevaa sare. Atakuwa amewekwa pale makusudi. Na huko uendako, mtu huyo akipiga kelele atapiga kwa Kiswahili, na utamwelewa kila neno.

Wanamwita ngao ya binadamu. Nitalitumia neno hilo kwa kuwa sheria inalitumia na redio zinalitumia, lakini silipendi. Ngao ni kitu, ni ngozi ya nyati iliyokaushwa, na kazi yake ni kupigwa. Ukishazoea kumwita mtu ngao, siku akipigwa hutashtuka.

Wakati nafundisha nilikuwa na kisa kimoja nilichokirudia kila mwaka. Mwaka 1159 Frederick Barbarossa, mfalme wa Wajerumani, aliuzingira mji wa Crema, kaskazini mwa Italia. Alijenga minara ya mbao ya kusogezwa mpaka kwenye ukuta wa mji, na watu wa Crema wakawa wanaivunja kwa mawe makubwa yaliyorushwa kwa mitambo. Basi akawatoa mateka aliokuwa nao, wengine wakiwa watu wa Crema hao hao, na kwa mujibu wa waandishi wa zama zile walikuwamo hata watoto, akaamuru wafungwe kamba kwenye minara, upande unaoelekea ukuta. Waliokuwa juu ya ukuta wakawatambua. Jirani, ndugu, mtoto wa kumzaa. Hawakuacha kurusha mawe. Na mji wenyewe ulianguka Januari 1160.

Mwaka mmoja binti wa kidato cha tatu alinyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, sasa nani aliwaua? Aliyewafunga au aliyerusha jiwe?" Darasa likagawanyika katikati, wavulana wa nyuma wakapiga meza, kengele ikalia hatujafika popote. Swali la binti yule ndilo nimelibeba mpaka leo, na ndilo ninalokukabidhi.

Majeshi yenye wanasheria na wachungaji nayo yalifanya hayo. Katika vita vya 1870 na 1871 Wajerumani waliwapandisha watu mashuhuri wa miji ya Ufaransa kwenye treni, ili wenzao waogope kung'oa reli. Mwaka 1900 Jenerali Roberts wa Uingereza akaiga kule Afrika Kusini, akawapandisha Makaburu wenye majina makubwa kwenye treni za jeshi, mpaka watu wa kwao wenyewe wakalalamika, akaacha. Wewe umekua ukisikia honi ya treni hapa Kigoma. Mfikirie mzee mmoja wa mtaa wetu ameketishwa karibu na dereva, anaitazama kila kona ya reli huku akiomba wanawe wasiwe wametega kitu.

Sheria ilichelewa kuja. Mkataba wa Nne wa Geneva wa mwaka 1949, ibara ya 28, unasema uwepo wa mtu anayelindwa na mkataba usitumiwe kulifanya eneo fulani lisishambuliwe. Itifaki ya Kwanza ya 1977, nyongeza ya mikataba ya Geneva, ikapanua katika ibara ya 51, kifungu cha 7: raia wasitumiwe kukinga shabaha za kijeshi, na wasihamishwe huku na huku kwa nia hiyo. Mkataba wa Roma wa 1998, ulioanzisha mahakama ile ya The Hague, ukaliita tendo hilo uhalifu wa kivita. Hapo kuna pengo ambalo linaniudhi: mkataba huo umelitaja kosa hili kwa jina katika vita baina ya mataifa tu. Katika orodha ya makosa ya vita vya ndani ya nchi, ambavyo ndivyo vinavyotumaliza huku kwetu, halimo. Haina maana kwamba limeruhusiwa. Sheria ya mazoea ya mataifa inalikataza katika kila aina ya vita, na mwendesha mashtaka anaweza kupitia kosa la kuteka watu au la kuwatendea ukatili. Lakini mama aliyesukumwa mbele ya bunduki hajui vita vyake ni vya aina gani, na sioni kwa nini jina la aliyotendewa libadilike akivuka mpaka.

Kifungu ninachotaka ukishike ni cha 8, kinachofuata hapo hapo kwenye ibara ya 51. Kinasema upande mmoja ukivunja makatazo hayo, upande wa pili haufunguliwi wajibu wake kwa raia. Mwenzako kumfunga mtu kwenye mnara hakukupi wewe ruhusa ya kurusha jiwe kana kwamba hapana mtu pale. Laiti ningekijua siku ile, ningemjibu binti yule kwamba aliyefunga ana hesabu yake na aliyerusha ana hesabu yake, na ya mmoja haifuti ya mwenziwe.

Sikuambii kwamba sheria inakukataza kupiga kabisa. Ingekuwa hivyo, kila mwenye roho mbaya angetembea na watoto wa watu na asiguswe. Inakutaka upime: faida ya kijeshi unayoitegemea hapo, ya wazi, na madhara yatakayowapata raia. Madhara yakizidi, unaacha. Na kabla ya kupima unatakiwa uhakikishe umeangalia, umechagua silaha na saa yenye madhara madogo, umeonya panapowezekana. Wapo wanasheria wanaosema raia aliyetumiwa kama ngao ahesabiwe pungufu kwenye mizani hiyo, la sivyo mwovu atafaidika. Nimeisoma hoja hiyo mara nyingi na kila mara naikataa. Aliyeonewa mara moja kwa kuwekwa pale asionewe tena kwa kuhesabiwa nusu mtu.

Tazama Mosul. Mwaka 2017 wapiganaji wa Dola la Kiislamu walikuwa wamezingirwa katika mji ule wa Iraq, na walikuwa wakiwakusanya raia majumbani na kuwaua waliojaribu kukimbia. Tarehe 17 Machi, katika mtaa wa Mosul al-Jadida, wadunguaji wawili walikuwa juu ya paa la nyumba moja. Wanajeshi wa Iraq wakaomba msaada wa anga, ndege ya Marekani ikaangusha bomu moja la ratili 500. Chini ya paa lile, vyumbani, kulikuwa kumejaa familia zilizokimbilia humo. Uchunguzi wa Wamarekani wenyewe ulikiri raia 105 walikufa. Walieleza kwamba hawakujua kuna watu ndani, na kwamba baruti zilizotegwa na wapiganaji ndizo zilizoiangusha nyumba. Wakazi wa mtaa waliyakataa maelezo ya baruti. Mimi naacha hilo, narudi kwenye hesabu ninayoiweza: wawili juu ya paa, raia 105 waliokufa. "Hatukujua" ni neno la kweli pengine, ila nataka wewe uwe mtu anayeuliza kabla: chini ya paa hili mna nani?

Na usidhani hili limeletwa na Wazungu wa Geneva. Wanazuoni wetu walilijadili karne nyingi kabla, na walikuwa na jina lake, tatarrus, kutoka neno turs, yaani ngao. Waliuliza: adui akijikinga kwa mateka Waislamu, tupige au tuache? Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliweka masharti matatu mazito: iwe dharura isiyo na njia nyingine, iwe yakini wala si dhana, na hatari iwe ya kuuangamiza umma mzima. Halafu akatoa mfano ambao naupenda kwa uwazi wake. Adui akiwa ndani ya ngome naye amejikinga kwa Mwislamu mmoja, huruhusiwi kumpiga huyo mmoja, kwa sababu ngome tunaweza kuishi bila kuiteka. Alikuwa akiwazungumzia mateka Waislamu, hilo nalijua. Lakini moyo wangu unaisoma hukumu ile mpaka kwa kila asiye na silaha, wa dini yoyote. Operesheni nyingi, baba, ni ngome ambayo mngeweza kuishi bila kuiteka siku hiyo.

Sasa nikueleze kwa nini nimeng'ang'ania. Mwaka 1994 nilikuwa nafundisha Ngara, wewe hujazaliwa. Mwishoni mwa Aprili watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya saa 24, na kambi ya Benaco ikaota kama mji. Mama mmoja wa kambini alikuwa akija nyumbani kwangu kubadilisha mahindi ya mgawo kwa chumvi. Kiswahili chake cha kuokoteza, ila tulielewana. Siku moja nikamwuliza kama anafikiria kurudi kwao. Akaangalia mlangoni kwanza, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba wakubwa wa kambi hawataki mtu arudi, anayetaja kurudi anaitwa msaliti na usiku hufuatwa. Akainua gunzi la mahindi, akalikwangua punje mbili tatu kwa kidole gumba, akasema: "Mwalimu, sisi ni nyasi, nyoka wamo ndani yetu." Wiki iliyofuata hakuja, wala iliyofuatia, na sikumwona tena.

Upande wa Zaire, Kongo ya leo, ilikuwa mbaya zaidi. Jeshi la Rwanda lililoshindwa vitani, pamoja na Interahamwe, wanamgambo wa mauaji ya kimbari, walivuka na silaha zao, wakakaa katikati ya wakimbizi karibu na Goma, wakila chakula cha misaada na kujipanga upya. Novemba 1994 Madaktari Wasio na Mipaka wa Ufaransa waliondoka kambini kwa sababu waliona misaada inawanenepesha wauaji. Vita vilipofika kambi ya Mugunga Novemba 1996, mamia ya maelfu walirudi Rwanda kwa miguu ndani ya siku chache, na wengine wakaswagwa magharibi msituni, wamebanwa kati ya wale waliokuwa wakijificha nyuma yao na wale waliokuwa wakiwafukuza. Wengi waliuawa huko, na ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010 imeyaeleza mauaji hayo. Waliowatumia kama nyasi walifanya uhalifu. Waliozichoma nyasi pamoja na walio ndani nao pia. Mugunga iko jirani na barabara utakazopita wewe.

Wewe mwenyewe unaweza kuwekwa hapo, na mama yako analijua hilo ingawa hatulizungumzi. Mei 1995, baada ya ndege za NATO kupiga maghala ya silaha karibu na Pale, kule Bosnia, Waserbia waliwakamata walinda amani zaidi ya 200, na baadhi yao wakawafunga pingu kwenye nguzo karibu na maghala ili ndege zisirudi. Walikuwa na kofia kama yako. Radovan Karadžić, aliyekuwa kiongozi wa Waserbia hao wa Bosnia, alipohukumiwa mwaka 2016, kuwateka wale askari kulikuwa miongoni mwa makosa aliyotiwa hatiani.

La mwisho ni dogo na ndilo litakalokutokea mara nyingi kuliko yote. Mwaka 1999 Katibu Mkuu Kofi Annan alitoa kanuni kwa vikosi vya Umoja wa Mataifa, na mojawapo inasema kikosi kiepuke, kadiri iwezekanavyo, kuweka vitu vya kijeshi ndani au karibu na makazi ya watu wengi. Utapewa kazi ya kuegesha magari ya deraya. Patakuwa na kivuli kizuri cha mwembe, na mwembe utakuwa kwenye uwanja wa shule, na watoto watakuja kuwachungulia na mtawapa biskuti. Hamtakuwa na nia mbaya hata chembe. Lakini kombora likija, watoto wale watakuwa wamesimama kati yake na nyinyi. Kakaeni juani.

Nimetafsiri vifungu vile viwili, cha 7 na cha 8, kwa mwandiko wangu kwenye karatasi ndogo, nikaifunga kwa nailoni isishike harufu, kwa sababu mama yako ameiweka ndani ya mfuko wa dagaa. Tumekituma kifurushi kwa basi la Jumatano, kina jina lako na namba yako ya simu. Ukikipata nijulishe, na uniambie kama mnafundishwa haya kambini na anayewafundisha anasemaje. Nataka kusikia hasa anavyomjibu yule binti wa kidato cha tatu.

Mama yako na dada zako wanakusalimu.

Baba yako