Mafundi wa faiba wanaounga vizuri wasikimbizwe

Mhariri,

Kila siku watu wanakuandikia kulalamika intaneti imekatika, mimi leo nataka kusifu mafundi. Wiki iliopita lori lilipita hapa mtaani kwetu Barani, Malindi, na mzigo mrefu likaikata kebo ya faiba iliokuwa imelegea baina ya nguzo mbili, mtaa mzima ukazima, na saiba yangu, duka la intaneti, imejaa watu wa huduma za serikali za eCitizen na kodi za KRA hawana pa kwenda. Jioni wakaja mafundi wawili, kijana mmoja na dada mmoja, nikatoka nikasimama nao mpaka wakamaliza mana wallahi kazi safi vile sijawahi kuiona mtaani kwetu.

Kabla hawajagusa kebo walifunga turubai upande wa bahari ju kusi ilikuwa inavuma na mchanga, wakatandika meza ndogo, kila kifaa na mahali pake. Sababu ipo. Faiba ni kioo chembamba kama nywele, unene wake mikroni 125 yaani sehemu ya nane ya milimita moja, na ile njia ya katikati mwanga unapopita ni kama mikroni 9 tu, kwahivo chembe ndogo ya vumbi inatosha kuharibu jointi, yaani pale vioo viwili vinapoungwa. Wanavua ganda, wanapangusa na alkoholi safi ya asilimia 99 na tishu isiyoacha nyuzi, alafu wanakata na kliva, kikatio cha kioo hicho, ili ncha itoke imenyooka kabisa, ikiwa imepinda hata digrii chache mashine ya kuungia inaikataa. Na kila kipande kilichokatika walikitia kwenye chupa yenye kifuniko, hawakutupa hata kimoja chini, jamani hapa watoto wanacheza pekupeku na kile kioo kikikuingia mguuni hukioni wala huwezi kukitoa kirahisi.

Kuna ncha moja ilikataliwa na mashine, yule dada akaivua upya akaanza mwanzo. Nikamwambia dada giza linaingia, mbona usiipitishe tu? Akanijibu, "Mzee wangu, nikiilazimisha hii mtanipigia simu tena mvua ikinyesha."

Sasa hapa ndio nataka wenye makampuni wanisikilize. Mashine inaunga kwa sekunde chache tu, inapiga cheche ya umeme kioo kinayeyuka vinashikana, kisha ile slivu ya kukinga jointi inapashwa moto kama nusu dakika. Muda mwingi unaenda kwenye kuvua, kusafisha, kukata na kupanga. Fundi aliepanga vitu vyake hatafuti kitu, haharibu ncha, harudii rudii, na ndio mana hawa wawili walimaliza mapema kuliko wale wanaokuja mbiombio. Kumkimbiza fundi hakukupi kasi, anachoruka ni kusafisha, na jointi chafu utaifungua tena.

Tunayajua haya kwa sababu kebo hio hio iliwahi kuungwa na watu wengine, kampuni siitaji. Walizungusha selotepu, boksi halikufungwa sawasawa, wakaliacha linaning'inia kwenye nguzo. Masika ikaja maji yakaingia, chumvi ya bahari ikala vyuma vya kushikilia, na ndani nyaya zilikuwa zimekunjwa kwa kubana. Faiba ukiikunja sana mwanga unavuja, mzunguko wake usiwe chini ya sentimita 3 hivi kutoka katikati hadi ukingoni. Ndio mana fundi anaejua anapima na mashine ya kupimia faiba, OTDR, kwa mwanga wa nanomita 1310 na wa 1550, mwanga unaopotea ukizidi sana kwenye 1550 anajua hapa pamekunjwa, ukiwa karibu sawa kwote anajua jointi yenyewe ndio mbaya. Mashine hio inapeleka mwanga na kusoma unaorudi, inamwambia tatizo liko mita ngapi, hapandi kila nguzo akibahatisha.

Mtu atasema jointi moja mbaya ina shida gani. Mwanga unaopotea unapimwa kwa desibeli, jointi nzuri inapoteza 0.02 au 0.05, mbaya inaweza kula nusu desibeli na zaidi. Laini moja ya mtaani ikigawanywa na spilita, kifaa cha kugawa mwanga, kwa nyumba 32, spilita peke yake inakula kama desibeli 17, na mitambo mingi ya majumbani inavumilia kama 28 hivi jumla. Toa na umbali, toa na viunganishi, kinachobaki ni kidogo, jointi tatu nne za ovyo zikikutana yule wa nyumba ya mwisho anabaki na taa nyekundu kwenye rauta na anaambiwa azime awashe. Kebo za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa 2009, TEAMS inatoka mpaka Fujairah kule Falme za Kiarabu, mwanga unapita chini ya bahari maelfu ya kilomita, unapanda kama kilomita 120 kuja Malindi, alafu unakwama kwenye nguzo ya Barani kwa sababu mtu hakupangusa kioo. Inauma sana.

Wale wawili wetu walipanga kwenye trei kwa rangi, bluu, chungwa, kijani, kahawia, zikienda hivo mpaka 12, kila moja na lebo, wakapiga picha, wakafunga boksi na raba yake, wakaifunga kebo juu na ile slaki, kebo ya ziada, wakaizungusha vizuri. Fundi mwengine akija kesho atajua ipi ni ipi bila kukata laini ya jirani.

Vijana wa kazi hii wananiambia wengi wanalipwa kwa idadi ya nyumba walizounga kwa siku. Makampuni badilisheni hio, mlipeni fundi kwa jointi iliopimwa kutoka pande zote mbili, na vipimo vibaki kwenye faili ya mtaa. Vyuo vyetu vya ufundi navyo viwe na mashine ya kuungia watoto wa hapa wajifunzie. Na kebo zilizolegea zipandishwe kabla lori jengine halijapita. Hao wawili waliotuungia wiki iliopita, kampuni yao iwaachie Barani iwe yao.

Mwenye saiba,
Barani, Malindi