Zile Hela za Wabeba Piano

Sahibu yangu mpenzi,

Salaam nyingi sana. Mimi ni mzima wa afya, na natumaini nawe hujambo pamoja na wote hapo nyumbani. Barua yako ilifika zamani kidogo. Nimechelewa kujibu kwa sababu ulinipa sharti: nisikuandikie neno mpaka nimeirudia A Separation, filamu ya Asghar Farhadi, mwongozaji wa Iran, tangu mwanzo, bila kurukaruka. Nilitaka kulitimiza sharti hilo kwa haki, usiku, simu nimezima. Juzi nimeitazama yote. Jana nikarudia nusu ya kwanza. Leo naandika.

Umenishinda. Zile hela zipo.

Unakumbuka tulivyobishana. Nilishikilia kwamba Nader anapomtuhumu Razieh, mwanamke aliyeajiriwa kumtunza baba yake mgonjwa, kuwa kachukua hela kwenye droo, mtazamaji hana pa kushika: huenda kaiba, huenda hakuiba. Wewe ukasema, kwa upole wako wa siku zote, kwamba hela alichukua Simin, mke wa Nader, na kwamba tumeonyeshwa, pale kwa wabeba piano. Nikakuambia umechanganya na filamu nyingine. Sauti niliipandisha, na kwa hilo uniwie radhi.

Kumbe iko pale pale mwanzoni. Simin anahama, piano inashushwa, wabebaji wamesimama kwenye ngazi wanadai walipwe kwa ghorofa moja zaidi ya walivyopatana. Simin anakwenda kuchukua hela kwenye droo, wanalipwa, basi. Hakuna muziki wa kukugutusha, na nyumba nzima iko mbioni, kila mtu na lake. Nilisimamisha picha hapo nikabaki nimeshika tama. Maana baadaye mwanamke mwenye mimba anasukumwa nje ya mlango na kuitwa mwizi, kwa hela ambazo mimi mwenyewe nilishaona zimekwenda wapi. Niliziona, sikuzingatia, nikakaa upande wa anayemtuhumu. Farhadi hakunificha kitu. Aliniweka katika hali ile ile ya Nader, mtu aliyekuwa na haraka.

Filamu hii imesifiwa tangu ilipotoka 2011, na mwaka uliofuata ikapata Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Sifa zake nimezisoma nyingi. Hakuna hata moja iliyonifanyia kazi kama maneno yako mawili, "wabeba piano." Ndiyo maana huwa nachoka mtu akiniambia filamu fulani ni kali, itazame tu, utanishukuru. Kali kwa lipi? Nionyeshe ngazi, nionyeshe droo, halafu niache nikatafute mwenyewe.

Lakini sikuachii yote. Umeandika kwamba Nader ni mwongo na mbinafsi, na kwamba kumtetea ni kumwonea mkewe. Hapo bado nakupinga. Rudi kituo cha mafuta. Binti yake Termeh anashuka kujaza petroli, analipa, anarudi garini. Baba anamuuliza chenji iko wapi. Mtoto anasema kamwachia mhudumu bakshishi. Baba anamwambia kazi kafanya yeye binti, si mhudumu, kwa hiyo arudi akadai. Wenye magari nyuma wanangoja. Nader anamtazama kwenye kioo akibishana na mtu mzima, na uso wake unachanua taratibu. Mtoto anarudi na hela, baba anamwambia ni zake. Hakuna hotuba ya malezi inayoweza kusema zaidi ya kile kioo. Mtu huyu anamfundisha binti yake asimame wima popote, asidhulumiwe hata senti.

Sasa angalia linalonitesa. Baba huyo huyo ndiye anayesababisha mtoto huyo huyo asimame mbele ya hakimu na kudanganya, kumwokoa. Kisha tunamwona Termeh garini analia kimya. Sikulifunga fundo hili mpaka jana, na nisingelifunga kama usingenilazimisha kurudi. Kwa hiyo mwongo, ndiyo, nakubali. Mbinafsi, bado nasita. Angekuwa mbinafsi mtupu ningemsahau kabla ya kulala.

Kuhusu mwisho wake nakupinga moja kwa moja. Unasema ni kutudhulumu kutokutwambia Termeh kamchagua nani, mama au baba, baada ya kutuchosha saa mbili. Kumbuka filamu inavyoanza: Nader na Simin wameketi wanatazama kamera, na anayewahoji ni hakimu ambaye hatumwoni, kwa sababu tumekaa kwenye kiti chake. Tumepewa ukubwa wa kuhukumu tangu dakika ya kwanza. Mwishoni hakimu anawaomba wazazi watoke ili mtoto aseme kwa nafasi, na kamera inatoka nao. Tunaachwa koridoni pamoja nao, huyu huku, yule kule, kioo katikati, watu wakipita, majina ya waigizaji yakianza kupanda. Tumevuliwa ule ukubwa. Na baada ya zile hela za droo, unadhani tulistahili kubaki nao?

Haya, nigeukie deni lako.

Nilikupa Tokyo Story ya Yasujirō Ozu, mwongozaji wa Japani, ya mwaka 1953, nawe ukaniandikia kwamba wazee wanasafiri kwenda kuwaona watoto wao, wanakaa, wanarudi, bibi anafariki, na saa mbili na robo zimepita bila kutokea jambo. Sentensi hiyo iliniuma. Umeisimulia filamu sawasawa, na bado hujaiona.

Nenda kule juu kwenye kilima. Bibi Tomi amemtoa mjukuu wake mdogo kucheza. Mtoto kashughulika na majani. Bibi anamuuliza akikua atakuwa nani, atakuwa daktari kama baba yake? Mtoto hajibu. Bibi anaendelea, nusu anasema naye, nusu anasema na nafsi yake, kwamba siku hiyo ikifika hajui kama mwenyewe atakuwepo. Mtoto na majani yake. Bibi halii, na Ozu haongezi kitu. Mwongozaji mwingine angeujaza skrini uso wa bibi na kumwaga vinanda juu yake. Sasa niambie kama jambo halijatokea pale. Mimi naona filamu nzima imeshamalizika kwenye kile kilima. Sehemu iliyobaki ni watu kuchelewa kujua.

Unalalamika pia kwamba kamera imelala. Kamera ya Ozu huwekwa chini, karibu na kimo cha mtu aliyeketi sakafuni, na haitembeitembei. Mimi huichukulia hivi: nimekaribishwa nyumbani kwa watu, nimepewa mahali pa kukaa, na mgeni hazunguki vyumbani mwa watu kufungua makabati. Nikitulia hivyo naanza kuona mambo mengine. Mlango ukibaki wazi kitambo baada ya watu kuondoka chumbani, naujua utupu wake. Yule mzee, Chishū Ryū, alikuwa na miaka 49 tu alipocheza nafasi ya baba wa miaka kama 70. Mtazame mgongo anavyoketi, na ile "ee" anayoitikia kila anapoambiwa jambo la kumvunja moyo. Anaitikia kama mtu anayekunja nguo na kuiweka mahali pake.

Na Shige, yule binti mkubwa mwenye saluni! Ulimtukana ukurasa mzima, nami mara ya kwanza nilimchukia hivyo hivyo. Maziko hayajapoa, watu wako mezani, yeye anauliza nguo za marehemu mama, anataka ukumbusho. Lakini rudisha nyuma kidogo, utamkuta analia kwa kwikwi mama anapokata roho. Machozi yale ni ya kweli kabisa, na ile tamaa ya nguo ni ya kweli pia. Ozu hakumchagulia moja. Wewe uliyeweza kuona hela za piano katika fujo lile, nashangaa ulimpita Shige.

Nakuomba basi nami nikupe sharti. Usiirudie yote kama huna moyo. Anzia pale watoto wanapowapeleka wazazi Atami, mji wa pwani, kupumzika, ili kwa kweli wawaondoe nyumbani. Wazee wameketi kwenye ukuta wa bahari asubuhi, baada ya usiku wa kelele zilizowanyima usingizi. Wanakubaliana warudi kwao. Mzee anasimama. Bibi anajaribu kusimama, anapepesuka, anashika chini kidogo, kisha anasema si kitu. Endelea kutoka hapo mpaka mwisho, kisha uniandikie tena kwamba hakuna kinachotokea. Ukiandika hivyo mara ya pili, nitanyamaza.

Ile orodha ya filamu bora ya Sight and Sound, jarida la filamu la Uingereza, uliyonitumia nimeipitia. Sina mengi. Wanapiga kura kila baada ya miaka 10 tangu 1952, na kila mara sisi hugombana kana kwamba tulikuwa wagombea. Nimefurahi kwamba 2022 aliyeshika nafasi ya kwanza alikuwa mwanamke, Chantal Akerman, kwa Jeanne Dielman yake ya 1975. Halijawahi kutokea kabla. Wenzetu wanaosema ni saa tatu na zaidi za kumenya viazi, waulize kama waliona siku ya pili viazi vinaiva kupita kiasi, na mama yule anavyozunguka na sufuria hajui aiweke wapi. Kwa mtu ambaye siku yake yote imepangwa kama saa, viazi vilivyoiva kupita kiasi ni tetemeko. Orodha ikinifikisha kwenye sufuria ile, imefanya kazi yake, namba sijali.

Mdogo wako anayesema filamu zisizo na rangi zimekufa, usibishane naye. Mwekee 12 Angry Men, ya Sidney Lumet, ya 1957. Dakika 96, karibu zote ndani ya chumba kimoja, watu 12 wanaamua kama kijana kamuua baba yake. Usimwambie ni nzuri. Mwambie aangalie dari. Mwanzoni hataiona, kwa sababu kamera iko juu ya macho ya watu. Katikati inashuka usawa wa macho. Kuelekea mwisho iko chini, dari inaingia kwenye picha, na lenzi ndefu zinazisogeza kuta mgongoni mwa watu, mpaka unatamani mtu afungue mlango. Vijana wanapenda kujua kitu kimefanywaje. Akishika hilo la dari, ataacha kuuliza rangi iko wapi. Halafu mwache amfuate mwenyewe yule mzee mkali anayeng'ang'ania kijana afe, hadi anapoichana ile picha aliyopiga na mwanawe. Usimwagie uhondo zaidi ya hapo.

Juu ya kumwaga uhondo, hapa tunapishana na tutaendelea kupishana. Wewe hutaki kusikia hata jina la mhusika kabla hujaketi. Mimi naona A Separation niliitazama juzi nikijua kila kitu na moyo ulinienda mbio zaidi ya mara ya kwanza, kwa sababu nilijua hela ziko wapi na sikuweza kumwambia Nader. Ila nakubali ziko filamu zenye jambo moja dogo ambalo ukilijua umenyang'anywa. Ninayotaka kukupa sasa ni ya namna hiyo, kwa hiyo nitakwenda kwa tahadhari.

Ni ya Abbas Kiarostami, wa Iran pia, mwaka 1987, na jina lake kwa Kiswahili ni Nyumba ya Rafiki Iko Wapi? Haifiki saa moja na nusu. Ahmad, mtoto wa shule ya msingi, anafika nyumbani anafungua mkoba na kukuta madaftari mawili yanayofanana. Moja ni la jirani yake darasani. Asubuhi ile ile mwalimu ameapa kwamba huyo mwenzake akifanya tena kazi ya nyumbani nje ya daftari, atamfukuza. Basi, hiyo ndiyo hadithi: daftari lirudi kwa mwenyewe kabla ya kesho, na mwenyewe anakaa kijiji kingine, na Ahmad hajui nyumba.

Sikiliza anavyomweleza mama yake. Mama anafua, kuna mtoto mchanga wa kubembeleza, na kila Ahmad akisema "daftari la mwenzangu," mama anajibu "fanya kazi yako ya shule." Anarudia, mama anarudia. Si mama mbaya. Hasikii tu. Kisha kuna babu anayemsimamisha njiani na kumtuma sigara, huku sigara anazo mfukoni, eti mtoto lazima azoee kutii. Wewe unayekasirika haraka, jitayarishe. Kuna njia ya kwenda kombo kombo juu ya kilima chenye mti mmoja kileleni, na mtoto anaipanda mbio na daftari kwapani. Kila alipoipanda, miguu yangu ilikaza.

Nimekuchagulia hii kwa sababu ya malalamiko yako kuhusu koridoni. Ulisema unataka filamu inayofunga mlango wake. Hii inafunga, kwa picha moja ya mwisho, na baada ya picha hiyo hakuna cha kuongeza. Usisome chochote kuihusu. Hata jalada lake usilitazame sana.

Ukifika pale mwalimu anapopita dawati kwa dawati akikagua kazi, na anafungua lile daftari, usinipigie simu. Kaa kwanza. Kisha uniandikie ulichokiona kati ya kurasa, kwa maneno yako, nami nitakuambia kama tumeona kitu kimoja. Na Shige usimsahau, namngojea pia.

Nisalimie mdogo wako. Mwambie dari.

Wako akupendaye daima.