Kwa wazazi Waswahili mlioko London: kisu kiko jikoni kwenu

Assalaam alaykum wanangu na wadogo zangu,

Serikali ilipopiga marufuku visu vya zombi tarehe 24 Septemba 2024, halafu panga za ninja tarehe 1 Agosti 2025, wengi mlifurahi na mimi nikafurahi, manake lile dude refu lenye meno na matundu halikati kitunguu, limetengenezwa kutishia watu na kuua basi. Hapo sina ubishi kabisa.

Lakini nawasikia mkiongea tukitoka msikitini, utadhani kazi imeisha. Haijaisha jamani. Takwimu za serikali yenyewe zinaonyesha kwenye mauaji ya visu England na Wales kinachotumika zaidi ni kisu cha jikoni, hiki hiki chetu cha nyama. Wale watoto watatu wa mji wa Southport, Julai 2024, waliuliwa na kijana wa miaka 17 kwa kisu cha jikoni alichonunua mtandaoni, na sheria ya kutomuuzia kisu mtoto wa chini ya miaka 18 ilikuwepo kitambo. Yule mwigizaji Idris Elba aliposema visu vya jikoni vitengenezwe bila ncha kuna waliomcheka, mimi naona ana hoja, kisu kisicho na ncha kinakata nyama vizuri tu na hakimwingii mtu mbavuni kirahisi.

Mama mmoja wa hapa mtaani alikitafuta kisu chake asubuhi ya Idi akitaka kukata nyama ya biriani, akakikuta kwenye begi la shule la mwanawe, kimeviringishwa kwenye soksi ya mpira. Mtoto wa miaka 14, mpole, wa madrasa. Alikuwa anawaogopa vijana wa stendi ya basi na hakuna mtu nyumbani aliyewahi kumuuliza anarudi kwa njia gani. Na huyo akikamatwa aseme nabeba kujilinda, korti haikubali hiyo sababu, mtu mzima anaweza kufungwa mpaka miaka 4.

Sasa wengine dawa yenu ni kumpakia mtoto kwenye ndege mpeleke Mombasa. Naelewa hofu yenu wallahi, hata Waghana wanafanya, na kijana mmoja aliyepelekwa Ghana aliwashtaki wazazi wake, kesi ilikuwa mahakamani 2025. Ila Kisauni, huko huko Mombasa, nako kuna vijana wanakata watu mapanga, na panga huko nani atalipiga marufuku wakati ndilo la shamba na la kufulia madafu? Mtoto umemhamisha na hofu yake, tena bila wewe.

Tazameni Glasgow, kule Scotland. 2005 polisi wa kule walianzisha kitengo cha kupunguza ukatili, wakauchukulia kama ugonjwa, wanakaa na vijana wa magenge, wanawatafutia kazi, na hospitalini kuna watu wanaomfuata majeruhi pale pale kitandani kabla hajatoka kwenda kulipiza. Ndani ya miaka 10 mauaji Scotland yalishuka zaidi ya nusu, na visu madukani vilikuwepo vile vile.

Kwa hiyo mwenye kijana anayeingia sekondari Septemba, itembee ile njia ya shule naye, saa ile ile ya kutoka, umuulize anamwogopa nani na usimkatize. Wababa hasa, msiwaachie mama zao. Na Jumamosi baada ya madrasa mimi niko pale nje, njooni nao tupange zamu za kusimama stendi.